Shajara ya kijito: kurudisha uhai wa maji katika bonde la Zigi

Septemba, mwisho wa kipupwe

Kijito tunachokishughulikia hakijulikani mjini. Kinaanza kama chemchemi ukingoni mwa msitu wa Usambara Mashariki, kinateremka katikati ya migomba, iliki na pilipili manga upande wa Muheza, kinakatiza barabara ya udongo, kinapita mahali ng'ombe wanaponywea, kisha kinaingia Mto Kihuhwi. Kihuhwi unaingia Zigi. Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, na maji ya Mabayani husafishwa kwenye mtambo wa Mowe kabla ya kusambazwa jijini Tanga. Anayefungua bomba Makorora au Chumbageni anapokea kile tulichokiachia sisi huku juu. Ndiyo maana shajara hii naiandikia pande zote mbili, wanaolima kingo za kijito na wanaolipa ankara ya maji.

Kazi yenyewe ni mbili. Ya kwanza ni kurudisha uoto kwenye kingo. Ya pili ni kupima kama kijito kinapona kweli. Hiyo ya pili naisisitiza kwa sababu nimeona shughuli nyingi za kutunza vyanzo vya maji zikihesabu miche iliyopandwa, picha zikapigwa, na hesabu ikaishia hapo. Miaka miwili baadaye ukirudi, nusu ya miche imekauka na maji ni yale yale ya rangi ya chai ya maziwa. Sisi tumekubaliana tangu mwanzo kwamba kinachohesabika ni hali ya maji na viumbe waliomo, na miche ni njia tu ya kufika huko.

Tunaofanya kazi hii ni kamati ya maji ya kijiji, wakulima wenye mashamba ya kando ya kijito, na walimu na wanafunzi wa shule ya msingi iliyo jirani. Hatuanzii jangwani. Bonde hili tayari lina UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wahifadhi mazingira wa Kihuhwi na Zigi, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ndiyo yenye dhamana ya mito hii kisheria, kwani Zigi uko ndani ya eneo lake ingawa hauungani na Mto Pangani wenyewe. Mimi nimekabidhiwa daftari.

Leo kijito kinaonekana kizuri. Mvua hakuna, maji ni machache na unaona mchanga chini. Mgeni akipita sasa atasema hapa hapana tatizo.

Oktoba

Tumechagua vituo vinne vya kupimia na kuvipa majina ambayo kila mtu anayaelewa: Msituni, Mgombani, Juu ya Barabara, na Ng'ombe. Kila kituo kina alama ya rangi kwenye jiwe lisilohama, ili anayepima mwezi ujao asimame palepale alipopima wa mwezi huu. Saa pia haibadiliki. Maji ya saa moja asubuhi na maji ya saa nane mchana si sawa kwa joto wala kwa hewa iliyomo, na ukipima ovyo ovyo utadhani kijito kimebadilika kumbe ni jua limepanda.

Vifaa vyetu ni vya kawaida. Kipimajoto. Mrija mrefu wa plastiki inayoona, wenye alama nyeusi kwenye kitako: unamimina maji taratibu huku ukichungulia kwa juu, na pale alama inapopotea unasoma kina. Maji yakiwa safi, alama inaonekana hata mrija ukijaa. Wavu wenye matundu madogo, beseni jeupe, kioo cha kukuzia. Kwa kasi ya maji tunatumia chungwa, na Muheza machungwa hayajawahi kutupa shida. Chungwa linaelea huku sehemu kubwa ikiwa imezama, hivyo upepo haulisukumi kama ungesukuma jani au chupa tupu. Tunapima mita 10 za kijito kilichonyooka, mmoja analiachia, mwingine anashika saa. Mwendo wa chungwa unazidishwa kwa upana na kina cha wastani, kisha kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mawe. Hapo unapata ujazo unaopita kwa sekunde.

Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni wadudu wa majini. Sampuli ya maji uliyoijaza kwenye chupa inakueleza hali ya saa ile tu. Mdudu anayeishi chini ya jiwe amekaa humo wiki nyingi, wengine miezi, na yote yaliyopita juu yake yamempata. Wataalamu wetu wana mfumo kamili wa mito ya Tanzania uitwao TARISS, uliojengwa juu ya ule wa Afrika Kusini, SASS. Sisi wa kijijini tunatumia miniSASS, ambao umefupishwa kuwa makundi 13, na mtoto wa darasa la sita anaumudu baada ya mchana mmoja.

Kila kundi lina alama zake kulingana na linavyostahimili uchafu. Nzi wa mawe, anayehitaji maji baridi yenye hewa nyingi, ana alama 17, ndiye wa juu kabisa. Minyoo, anayeishi hata kwenye tope linalonuka, ana 2. Unajumlisha alama za makundi uliyoyakuta, unagawa kwa idadi ya makundi, na wastani ukiwa mkubwa kijito ni kizima zaidi.

Pale Msituni tulipogeuza mawe, mwanafunzi mmoja aliweka kwenye beseni mdudu wa hudhurungi, bapa, urefu kama punje ya mpunga, mwenye mikia miwili. Wakasema ni nzi wa mawe. Mwalimu akasema subirini, tuhakikishe, kwa sababu wapo ndugu zake wa kundi jingine ambao nao huweza kuwa na mikia miwili. Tukamweka chini ya kioo. Kucha mbili kwenye kila mguu, na vishada vya nyuzi nyeupe makwapani, ndivyo anavyopumulia. Yule mwingine huwa na kucha moja kila mguu, na mapezi yake ya kupumulia yamepangwa ubavuni mwa tumbo, yanapepea bila kukoma. Watoto walikaa kimya wakitazama yakipepea, na mimi nilikaa nao.

Hesabu ya Msituni: nzi wa mawe 17, wale wa mapezi ya ubavuni 11, wajenzi wanaojishonea nyumba ya mchanga 9, kaa 6, kereng'ende 6. Jumla 49, makundi 5, wastani 9.8.

Hesabu ya Ng'ombe, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka pale: minyoo 2, ruba 2, viwavi vya nzi 2, konokono 4, kaa 6. Jumla 16, makundi 5, wastani 3.2.

Kijito ni kilekile, asubuhi ileile, na kwa macho maji ya vituo vyote viwili yalikuwa maangavu.

Niandike hapa sababu, kwa atakayelisoma daftari baada yangu. Udongo laini ukishuka hujaza nafasi zilizo kati ya mawe, na nafasi hizo ndizo nyumba za hawa wadudu. Unaganda kwenye mapezi yao wakakosa pumzi. Miti ya kingo ikikatwa jua linachoma maji moja kwa moja, na maji ya moto hubeba hewa kidogo: lita moja ya maji ya nyuzi 20 huweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni, kwa nyuzi 30 haifiki 8. Na majani yasipodondoka majini, wale wanaokula majani yaliyooza hawana chakula. Samaki nao wanawategemea wadudu hao.

Novemba, vuli imeshuka

Mvua ya kwanza kubwa imenyesha usiku, na alfajiri ilikuwa bado inadondoka. Tukavaa makoti tukaenda. Kupima wakati wa mvua hakupendwi na mtu, lakini udongo husafiri siku za mvua, na anayepima siku za jua peke yake anaandika habari za kijito kilicholala.

Kabla ya hapo, kila mtu kijijini alikuwa na jibu la swali la tope linatoka wapi. Linatoka kwenye mashamba. Ndivyo tulivyoambiwa kwenye semina, ndivyo inavyosemwa kwenye mikutano, na wanaolima kandokando, wengi wao kina mama wenye vipande vidogo vya maharage na magimbi, wameinamisha vichwa miaka yote wakilisikia hilo.

Msituni mrija ulijaa na alama bado inaonekana, hafifu kidogo. Mgombani alama ilipotea mrija ukiwa umevuka nusu. Hapo tuliona mkondo mwembamba mwekundu ukitoka kwenye shamba moja lililolimwa mpaka ukingoni juzi tu, lakini pande nyingine majani ya migomba yaliyotandazwa chini yalikuwa yameushika udongo vizuri. Juu ya Barabara hali ilikuwa karibu ileile. Kisha tukavuka barabara, tukateremka hadi chini ya kalavati, tukajaza mrija. Alama ilipotea kabla maji hayajafika kimo cha kiganja.

Tulirudia mara mbili kwa sababu hatukuamini. Halafu tukapanda barabarani kutazama. Barabara inashuka mlima kwa mwinuko mkali, mitaro yake ya pembeni haina mahali pa kupumulia njiani, na maji yote ya kilima kile yanakusanyika, yanachimba udongo mwekundu, yanamwagwa kwenye kijito mahali pamoja kwa nguvu ya ajabu. Chini kidogo, njia ya ng'ombe imekatwa na kwato mpaka imekuwa korongo, nayo inaleta sehemu yake.

Mama mmoja mwenye shamba pale Mgombani alikuwa ametufuata na mwavuli wa jani la mgomba. Aliutazama mrija wa juu, akautazama wa chini, akaniambia, "Mwanangu, andika. Andika na saa." Nimeandika.

Sisemi mashamba hayana neno. Mkondo mwekundu nimeuona kwa macho yangu, na mwenye shamba lile amekubali kuweka makingamaji. Ninachosema ni kwamba mtu asibebeshwe mzigo wote wakati hakuna aliyepima. Fedha na nguvu zetu zote zilikuwa zimepangiwa mashambani, na tungeweza kumaliza miaka tukipanda miche Mgombani huku kijito kikifa kwa tope la barabara.

Desemba

Mkutano wa kijiji, chini ya mwembe, kaskazi imeanza kuvuma na joto limepanda. Ajenda ilikuwa mita 60.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inalinda maeneo ya vyanzo. Wengi wanaijua sheria hiyo kama tishio. Mzee mmoja alisimama na kupiga hesabu yake hadharani, na naiweka hapa kwa kuwa ni hesabu sahihi: shamba linalogusa kijito kwa urefu wa mita 70, ukilitoa mita 60 kwenda ndani, umetoa mita za mraba 4,200, yaani zaidi ya ekari moja. Yeye ana ekari moja na nusu. "Mnataka nibaki na nini, wanangu?"

Mwenyekiti alimjibu kwa heshima, "Shikamoo mzee wangu. Hakuna aliyekuja kukunyang'anya shamba. Tumekuja kuulizana nini kikae humo ndani ya hizo mita sitini."

Hilo ndilo swali lililobadilisha mkutano. Sheria hakuna aliyeomba ivunjwe. Jembe linalogeuza udongo kila msimu halina nafasi pale ukingoni, na hilo hata wazee walilikubali. Lakini ukingo si lazima uwe pori lisilo na faida. Matete na majani ya Guatemala yanashika udongo, unayakata bila kuyang'oa, na ng'ombe wa maziwa wa ndani anayahitaji kila siku ya Mungu. Pilipili manga hupanda juu ya mti ulio hai; haitaki kulimiwa, inataka mti na kivuli. Mizinga ya nyuki inataka maua na utulivu. Bibi mmoja, mfugaji, alisema yeye hununua majani wakati wa kiangazi kwa hela ya maziwa yenyewe, na kama ukingo utampa majani, basi yeye ataulinda ukingo huo kuliko askari yeyote. Namwamini.

Tulikubaliana hivi: ukanda wa karibu kabisa na maji ni matete na miti ya asili, hapaguswi kwa jembe, nyuma yake ni miti ya kudumu yenye pilipili manga na mizinga, na kwenye mteremko wa juu, nje ya mita 60, kila mwenye shamba aweke fanya juu, yaani mtaro wa kukinga mteremko ambao udongo wake hutupwa upande wa juu, au makingamaji ya majani. Waliokubali kuanza ni wale wa upande wa mashariki wa kijito. Upande wa magharibi wamesema watatazama kwanza. Ni haki yao.

Januari na Februari

Miezi ya jua, na kazi ya barabara.

Kalavati na barabara si mali yetu, na barua tuliyopeleka kwa wahusika bado haijajibiwa. Hatukukaa kungoja. Yapo mambo ambayo kijiji kinaweza kuyafanya bila kugusa barabara yenyewe. Kwa ruhusa ya wenye viwanja vya pembeni tumekata michepuko kwenye mitaro ili maji yatoke kidogo kidogo njiani, yamwagikie kwenye majani mazito badala ya kukusanyika yote kalavatini. Kila mchepuko una kishimo cha kunasa udongo. Kikijaa, mwenye kiwanja anauchota kurudisha shambani kwake, na ni udongo mzuri. Mdomo wa kalavati tumeupanga mawe makubwa ili maji yaangukie juu ya mawe, nguvu ipungue.

Kwa ng'ombe, tumevuta maji kwa bomba dogo kutoka juu hadi kwenye birika la saruji lililojengwa mbali na ukingo. Ng'ombe wakipewa maji safi ya kunywa mahali pakavu hawana hamu ya kushuka korongoni. Vijana wa mifugo ndio walioamua birika likae wapi, kwa kuwa wao wanajua njia za mifugo yao kuliko sisi.

Kitalu kiko nyuma ya shule. Tumeotesha mkuyu, mzambarau na mvule. Mikaratusi tumeikataa kandokando ya maji, inakunywa sana. Msizi nao tumeukataa ingawa unakua haraka na watu wanaupenda: uliletwa zamani kwa ajili ya mbao, ukaingia kwenye mapengo ya msitu wa Amani na kuuenea, na hatuna sababu ya kuupeleka kwenye kijito kingine.

Nikiwa Msituni mwezi huu niliona Saintpaulia ikichanua kwenye jiwe lenye ukungu wa majani, maua yale madogo ya zambarau ambayo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliyakuta mwaka 1892 na mbegu zake zikaenda Ulaya. Leo yanauzwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima, na huku kwao yanaishi kwenye mawe yenye kivuli na unyevu, mahali kama hapa pa kijito. Kivuli kikiondoka nayo yanaondoka. Nimewaomba watoto wasiyachume, wakaniuliza kwa nini nafikiri wangeyachuma.

Aprili na Mei, masika

Tulipanda mvua zilipotulia kwenye mdundo wake. Matete kwanza, mistari mitatu, vipande vyenye macho matatu vimelazwa mshazari. Kisha magogo mabichi ya mkuyu yenye unene wa mkono, yamechimbiwa ukingoni. Mkuyu hushika kwa gogo, hauhitaji kusubiri mche. Miche ya kitalu nyuma.

Kisha masika ikaja kama inavyokuja. Mafuriko ya usiku mmoja yalibomoa ukingo kwenye kona ya nje, pale maji yanapogonga kwa kasi, na miche iliyokuwa hapo ilikwenda yote na udongo wake. Asubuhi tulikuta ukuta mwekundu uliosimama wima, mizizi ikining'inia. Lakini hatua chache juu na chini ya kona, palipokuwa na matete yaliyokwisha kushika, ukingo ulilala salama, matete yameinama kama nywele zilizochanwa na udongo uko palepale. Kona ile inataka mawe kwenye kitako kwanza na matete juu yake, na miti iongojee msimu mwingine. Tayari mawe yamesombwa.

Michepuko ya barabara ilistahimili, isipokuwa mmoja uliojaa udongo mapema ukafurika. Vishimo vinahitaji kuchotwa kila baada ya mvua kubwa, na hilo sasa liko kwenye zamu za wenye viwanja. Tulipima tena mvua ikinyesha. Chini ya kalavati alama kwenye mrija haikupotea mpaka maji yalipokaribia nusu. Mama wa Mgombani alikuwepo tena. Safari hii aliushika mrija yeye mwenyewe, akachungulia, akasoma kina kwa sauti.

Jambo moja la afya: hakuna mtu anayeingia majini bila buti za mpira, mtoto wala mwalimu. Kichocho kipo ukanda wetu, na konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia kama yale ya kituo cha Ng'ombe. Tunapima huku tukiwa wazima, na tunataka tubaki hivyo.

Juni, kusi inavuma

Maji yametulia na wadudu tumewahesabu tena. Msituni hakujabadilika, na ndivyo tulivyotaka, kwa kuwa ndipo tunapolinganishia. Kituo cha Ng'ombe sasa: minyoo 2, viwavi vya nzi 2, konokono 4, kaa 6, kereng'ende 6, wale wadogo wenye umbo la samaki wa kundi la mapezi 5, na, kwa mara ya kwanza tangu tuanze, wajenzi 9. Jumla 34, makundi 7, wastani 4.9. Ruba hawakuonekana.

Ni nafuu, si kupona. Nzi wa mawe bado haonekani pale na sitegemei kumwona mwaka huu wala mwakani; anataka kivuli, na mikuyu yetu ndiyo kwanza inafika magotini. Lakini mjenzi mmoja mwenye nyumba ya mchanga, aliyeshikilia jiwe ambalo mwezi wa Oktoba lilikuwa limezikwa kwenye tope, ni ushahidi ambao siwezi kuubishia. Nafasi kati ya mawe zimeanza kufunguka.

Kuna kitu ambacho kipimo chetu hakiwezi kukisema, na lazima kiandikwe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu waliingia kwenye vijito vya Usambara Mashariki kusaka dhahabu, wakachimba vitanda vya mito, na wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki. Zebaki haina rangi majini, haina harufu. Inazama kwenye tope la chini, vijidudu huigeuza kuwa sumu inayoingia kwenye miili ya viumbe, na inazidi kadiri mkubwa anavyomla mdogo, mpaka kwa samaki na kwa mtu. Mrija wetu hauioni, na wadudu kuwepo si uthibitisho kwamba haipo. Kijito chetu hakikuchimbwa kwa kumbukumbu za wazee, lakini Kihuhwi na Zigi vinapokea maji kutoka kila upande. Tope linatakiwa kupelekwa maabara, na gharama yake ni kubwa kuliko mfuko wa kamati. Nimeliweka kwenye maombi yetu kwa bodi ya bonde.

Kuhusu fedha nina maoni yangu. Tope likiingia Mabayani linakula nafasi ya maji ndani ya bwawa, na mtambo unalazimika kuongeza dawa ya kugandisha uchafu ili maji yafae. Gharama hiyo inalipwa na mtu wa mjini, ajue asijue. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, iliyolenga kukusanya shilingi bilioni 53.12, na ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ni hatua kubwa na naipongeza. Ombi langu ni kwamba fedha za maji zinapotafutwa, ukanda wa matete wa yule bibi mfugaji uhesabiwe kuwa sehemu ya miundombinu ya maji ya Tanga sawa na bomba na pampu, na anayeutunza apate kitu kinachoeleweka. Vishimo vya barabara vikichotwa kila baada ya mvua, huko mjini kuna gunia la dawa ambalo halitafunguliwa.

Wakulima watatu wa upande wa magharibi wamekuja kuchukua mbegu ya matete. Mmoja ameuliza kama anaweza kupata na mche wa pilipili manga. Tumempa.

Kazi za kabla ya vuli: mawe ya kona yapangwe, kishimo kilichofurika kichimbwe kiwe kipana, barua ya barabara ifuatiliwe ana kwa ana, na safari hii twende na daftari lenye vipimo vya Novemba na vya Mei, mikuyu iliyokufa ibadilishwe. Darasa la saba wanamaliza shule Septemba, hivyo wanafunzi wa darasa la tano waanze kufundishwa kutambua wadudu Jumamosi ijayo, Msituni, saa mbili asubuhi. Buti za saizi ndogo bado hazitoshi.